Maji, Mbele Tembea

Walipokuja kuniambia kwamba Bi Somoe amefariki huko Mingoyo, hawakuja na habari peke yake. Walikuja na kanga yake pia, ile kuukuu iliyochanika pindo, imekunjwa vizuri ndani ya kikapu pamoja na kijiko chake cha kugeuzia vitumbua. Aliyeileta, mtu mzima wa upande wa marehemu mumewe, alikaa ukingoni mwa baraza akasema wazee wananiomba nisichelewe, kwa sababu watani wake wengine wote wamekwisha kufa au hawajiwezi, na aliyebaki wa kumfanyia haki yake ni mimi. Nikajibu kwamba nimesikia. Kisha nikaingia chumbani, nikaitandaza kanga ile kitandani na kuikodolea macho, na nikaikumbuka siku moja miaka thelathini iliyopita, nilipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Mimi sasa ni mzee wa heshima zangu. Nimekuwa karani, nimekuwa mkalimani wa serikali mbili, na watu wa Lindi hunipisha njiani. Leo natakiwa nijifunge kanga ya bibi kizee mbele ya kadamnasi, nikunje mgongo, na nichekeshe watu ilhali mwenyewe amelazwa ndani hajazikwa. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo.

Kilichonizidishia hofu ni kwamba mwanangu Rashidi alikuwa nyumbani. Anasomea ualimu katika chuo cha serikali ya Waingereza, na alikuwa amekuja likizo na viatu vyeupe ambavyo alivipaka chokaa kila asubuhi kabla hajanywa chai. Juzi yake tu, tukiwa tunakula, alikuwa amenilalamikia kwamba chuoni wanapotezewa wakati. Hesabu alikiri ina faida, na kilimo pia. Lakini Kiingereza cha kulipekua shairi neno kwa neno, na kusimama mbele ya wenzako ukasema kwa sauti mpaka wa nyuma asikie, na kuigiza michezo ukiwa umebandikwa ndevu za katani? "Baba," aliniuliza, "mtu mzima kujifanya mfalme kunamsaidia nini?" Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Sikuwa na jibu fupi. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa na urefu wa mwaka mzima, na mwaka wenyewe ni ule wa vita vya Maji Maji, nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya Wadachi, yaani Wajerumani, hapa Lindi, nikikaa nyumbani kwa Bi Somoe.

Neno shule lenyewe ni lao. Kabla yao tulijua chuo tu, na chuo kilikuwa cha Kurani. Wadachi wakaja na shule, na wazee walilitamka neno hilo kwa kubinya midomo, kama mtu anayeonja kitu asichokiamini. Ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mawe, paa la bati, na saa sita mchana joto lilishuka kutoka juu mpaka wino ukakauka kwenye kalamu. Sisi wakubwa tulikuwa saba, tukiandaliwa kuwa makarani na wakalimani. Chumba changu kwa Bi Somoe kilikuwa cha uani, kimepakana na jiko, ukuta wa fito na udongo, kitanda cha kamba, na dirisha la upana wa viganja viwili. Moshi uliingia humo kama mwenyeji. Asubuhi nilikunywa uji wa mtama na kula kitumbua cha kwanza cha kikaango, ambacho huungua siku zote na hakiuziki. Jioni ilikuwa ugali na mbaazi za nazi, au kisamvu, na siku za neema ng'onda ya kuchoma, iliyonuka mpaka ndani ya vitabu vyangu. Mwalimu wetu aliwahi kulinusa daftari langu akaniuliza kama nalo limevuliwa baharini.

Bi Somoe alikuwa Mngoni, aliyefika pwani akiwa msichana pamoja na msafara na asirudi tena bara. Kiswahili chake kilikuwa cha Lindi kabisa, isipokuwa akirukiwa na mafuta ya moto, hapo Kingoni kilimtoka. Mimi ni Mmwera. Babu zake na babu zangu walipigana na kunyang'anyana watu, na vita vyao vikatuachia utani. Basi yeye alikuwa na ruhusa ya kunitukana nisikasirike na kunivua kofia nisiidai. Na mmoja wetu akifa, mwenzake ana haki, tena ana wajibu, wa kuvaa nguo zake na kumwigiza mbele ya waombolezaji mpaka wacheke katikati ya kilio. Aliniita mtumwa wake. Alisema babu yangu alinunuliwa kwa konzi ya chumvi, tena chumvi yenyewe ilikuwa imelowa. Mimi nilimwita mwizi wa ng'ombe aliyekuja pwani akakuta kuku. Alikuwa akinichotea mboga huku ananitukana, na alikuwa akinichotea nyingi.

Mwalimu wetu Mdachi tulimwita Bwana Tena, kwa kuwa kila tulipomaliza kusema jambo alisema "noh ainmal", yaani tena, na tukirudia alisema tena. Alikuwa mwembamba, mgonjwa wa homa za mara kwa mara, na sikuwahi kumsikia akifoka. Kidachi chake kilinitia wasiwasi tangu siku ya kwanza. Sisi tukikana jambo tunalikana mwanzoni kabisa: hatakuja, hapigwi, hanyongwi, msikilizaji anaisikia ile "ha" na moyo unatulia. Mdachi anakutajia mtu, anakutajia siku, mahali na sababu, na kitendo chenyewe anakiweka mwishoni kabisa. Bwana Tena akisoma sentensi ndefu nilibana pumzi nikingoja kujua yule mtu amefanywa nini. Baada ya hapo alitusimamisha upande mmoja wa chumba, akatutaka tuseme na ukuta wa upande wa pili, bila kupiga kelele, mpaka ukuta usikie. Kisha mmoja alisema kwa Kiswahili na mwenzake akageuza kwa Kidachi, asiongeze wala asipunguze. Mkalimani ni dirisha, alituambia, na dirisha zuri halionekani. Nililiandika hilo katika daftari langu lenye harufu ya samaki na nikaliamini.

Mapema mwaka ule, kwa sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wao, alitutungia mchezo mfupi wa mwizi wa bata. Mwizi nikawa mimi. Katika mazoezi niligeuza macho, nikakenua meno, nikatembea kwa kunyata, na wenzangu wakavunjika mbavu. Bwana Tena hakucheka. Alinivuta kando akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Wewe unamcheka mwizi. Mwizi hajui yeye mwizi. Anajua njaa tu. Taka anachotaka yeye." Sikumwelewa. Nikarudia mara ngapi sijui, kila mara akisema tena. Siku yenyewe tukacheza katika uwanja wa boma, mbele ya Bwana Shauri, ndiye mkuu wa wilaya, pamoja na maofisa wake, maakida, na wenye maduka wa Kihindi waliokalishwa mstari wa mbele. Tangu alfajiri sikuwa nimeweza kumeza kitu kwa hofu. Nilipomtambalia yule bata, njaa ilikuwa ya kweli, na watu wote wale wakanitoka akilini. Nilimwona bata tu. Nikasema kwa Kidachi, kwa sauti iliyofika ukutani, kwamba nimemwiba na kesho nitaiba tena. Bwana Shauri alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho.

Masika ikapita, na habari zikaanza kuja kutoka upande wa Kilwa. Nilizipata vipande vipande, kupitia ukuta wa jiko, wanawake wakikaanga na kusema kwa sauti ya chini: kwamba huko Umatumbi watu wameng'oa pamba, kwamba kuna mganga anayegawa dawa ya maji, kwamba risasi ikikupata inageuka matone. Mmoja akisema hivi, mwingine humkataza, kisha huyo huyo aliyekataza akauliza, halafu ikawaje? Nilikuwa nimeshika kitabu juu chini. Baadaye neno maji likatoweka Lindi. Hakuna aliyelipiga marufuku. Ilitosha kwamba askari walianza kumtazama kila aliyelitamka. Kisimani wanawake walisema wamekuja kuchota, wasiseme kuchota nini. Dukani kwa Mhindi nilimwona mtu aliyepaliwa na karanga akiuonyesha mtungi kwa kidole, macho yamemtoka, wala hasemi. Bi Somoe alilicheka jambo hilo. Alisema mji mzima umeingiwa na ububu kwa ajili ya kitu kinachotoka chini bure. Lakini ikaja habari kwamba Wamwera wa bara, ng'ambo ya Milola, wameingia vitani, kisha kwamba Wangoni nao wameingia. Ndani ya nyumba moja, basi, tulikuwa Mmwera na Mngoni, na mimi nikaanza kuhesabu hatua za kila buti lililopita njiani.

Jirani yetu alikuwa Mmwera mwenzangu, Ombasha Limbende, askari mstaafu wa Wadachi ambaye kustaafu kwenyewe alikataa. Bado alivaa koti lake lenye vifungo vya shaba, na kwa kuwa hakuwa na kikosi aliwaamrisha kuku. Kila asubuhi tulimsikia akiita "Ahtung!", yaani kaeni tayari, na kila mara kikohozi kilimkamata katikati ya neno, ikawa "ah", kikohozi kirefu, kisha "tung". Mwaka ule, vita vikiwa bara, homa ikamlaza. Bi Somoe ndiye aliyemuuguza. Niliyaona haya kwa macho yangu, nikiwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji: mzee amefumba macho, midomo imekauka, anaunyooshea kidole mtungi na kuutolea amri. "Maji! Mbele, tembea!" Na Bi Somoe, bila hata tabasamu, alichota kwa kata na kuitembeza kata hewani kwa hatua za kijeshi, moja, mbili, moja, mbili, mpaka mdomoni mwake. Mzee alikunywa, akaridhika kwamba amri yake imetiiwa. Alifariki Alhamisi asubuhi.

Mazishini, kabla jeneza halijatolewa, Bi Somoe akatoka ndani amevaa koti la marehemu lililomfika magotini, kofia yake imemfunika masikio, na mchi wa kinu begani badala ya bunduki. Akasimama wima. "Ah," akasema, akakohoa kile kikohozi chenyewe, "tung." Waombolezaji wakaziba midomo kwa kanga. Akawakagua kuku. Akaja akajilaza mkekani, akafumba macho, akanyoosha kidole, na kwa sauti ya Ombasha Limbende akaamrisha: "Maji! Mbele, tembea!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yalipotoka nikagundua kwamba ninamlilia mzee wangu, kama utani ulivyokusudia. Nilipojifuta macho ndipo nilipoona kwamba wengine hawacheki. Kwenye ua alisimama mtu nisiyemjua, anamwangalia Bi Somoe, na akaondoka kabla ya kuzika.

Alasiri ile ile askari wakaja kumchukua, pamoja na koti, kofia na mchi. Aliyeondoka alikuwa amepeleka habari kwamba mwanamke wa Kingoni, aliyevaa mavazi ya askari na kubeba bunduki ya mti, ameyaamrisha maji yasonge mbele, mbele ya Wamwera waliokusanyika. Na hakuna hata neno moja alilolisingizia. Siku tatu jiko lilikaa baridi. Nilikula muhogo mbichi nimekaa kwenye kigoda chake, nikisikiliza watu wakipita nyuma ya ukuta wakisema kwamba huko Kilwa kamba haichagui mwanamume wala mwanamke, na kwamba akinyongwa yeye, watauliza na nyumbani kwake alikuwa anakaa nani. Nilimwogopea, lakini nilijiogopea mimi zaidi. Nilifunga nguo zangu nikimbilie Mingoyo, nikazifungua, nikazifunga tena.

Siku ya nne Bwana Tena aliingia darasani akaita jina langu. Mkalimani mkuu, alisema, amekwenda bara na jeshi, na boma linahitaji mtu wa kusema. Alinisindikiza mwenyewe mpaka langoni, akitembea polepole kwa sababu ya homa yake. Nilingoja aniambie kitu cha kunitia moyo. Aliniambia, "Kumbuka ukuta," akarudi.

Ndani kulikuwa na meza, picha ya Kaisari, na mezani koti, kofia na mchi vimepangwa. Bwana Shauri alikaa nyuma ya meza, ofisa mmoja na mwandishi pembeni yake, na askari mwenye bunduki mlangoni. Bi Somoe alikuwa sakafuni, mnyororo mikononi. Aliponiona alisema, "Mtumwa wangu, umekula?" Bwana Shauri akauliza amesema nini. Nikajibu kwa Kidachi kwamba ananiuliza kama nimekula. Neno mtumwa nililimeza. Hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza katika kazi ya serikali, na tayari nilikuwa nimepunguza.

Akaulizwa kama ni kweli alisema maneno yale. Akajibu kwamba alisema. Maneno gani? Akayasema, kwa kiburi cha fundi anayetaja kazi yake. Nikayageuza kwa Kidachi kama nilivyofundishwa, neno kwa neno, na yalipotoka kinywani mwangu nikayasikia: maji, mbele, tembea. Kwa lugha ile hayakuwa na mgonjwa ndani yake, wala kata, wala kikohozi. Yalikuwa amri ya vita. Mwandishi akaandika. Ofisa wa pembeni akataja kamba, bila kuinua sauti, kama mtu anayetaja kifungua kinywa.

Niliomba ruhusa ya kueleza. Kidachi changu hakikuwa na neno la utani. Nikasema ni mzaha. Bwana Shauri akaniuliza ni mzaha gani unaofanywa juu ya maiti ya askari wa Kaisari, na nikaona nimeharibu zaidi. Nikasema ni udugu. Akataka kujua Mngoni na Mmwera wana udugu gani, na tangu lini, na hapo niliona ananitazama mimi, si Bi Somoe. Jasho lilinitiririka mpaka viatuni. Nilikuwa Mmwera, nimekaa nyumba moja na mshitakiwa, na kila nilichoongeza kilinisogeza karibu na ule mnyororo. Ningeweza kunyamaza. Nilitaka kunyamaza, Mungu ananijua. Macho yangu yakaangukia leso ya Bwana Shauri, iliyochomoza mfukoni, na nikakumbuka bata.

"Bwana Mkubwa," nikasema, "siku ya Kaisari nilisimama mbele yako nikasema nimeiba, na kwamba nitaiba tena. Mbona hukunifunga?"

Akasema ule ulikuwa mchezo. Nikamwambia na huu pia. Mazishini kwetu, mtani humvaa marehemu, na maneno anayosema ni ya marehemu, si yake. Yule mzee aliyekuwa anaomba maji alikuwa askari wako. Akagonga meza kwa kalamu. Kisha akasema: basi aucheze hapa, nione.

Nikamgeukia Bi Somoe nikamwambia. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kupika kwenye jiko lisilo na moto.

"Utani hauchezwi bila maiti," akasema. "Hapa nani amekufa? Mwambie, kama anautaka sana, atangulie yeye, nami nije nimwigize."

Bwana Shauri akauliza amesema nini. Nilikuwa nayo tayari kichwani, sentensi nzuri ya Kidachi, kitendo chake mwishoni panapostahili. Ndiyo sentensi bora niliyowahi kuitunga, na sikuitoa. Nilisema miguu yake imekufa ganzi kwa mnyororo, hawezi kusimama, na anaomba nicheze mimi badala yake.

Nikalichukua koti mezani nikalivaa. Lilikuwa bado na harufu ya Limbende, tumbaku na jasho. Nikaweka mchi begani. Nikasema "ah", na sikujua kama kikohozi kitakuja, kikaja chenyewe, kirefu, cha kutoka tumboni, kisha "tung". Nikawakagua kuku. Nikajilaza juu ya sakafu ya boma nikafumba macho. Ulimi ulikuwa umenishika juu, mate hakuna, na nikaona kwamba sihitaji kumwigiza mzee yule hata kidogo, kwa maana nilichotaka mimi ndicho alichotaka yeye. Nikanyoosha kidole kuelekea ukuta wa mbali. Nikalisema lile neno, mwaka ule, chumba kile, kwa sauti ambayo kila askari uani aliisikia. "Maji! Mbele, tembea!" Mlangoni nikasikia bunduki ikishushwa kutoka begani.

Nilipofumbua macho Bwana Shauri hakuwa akicheka. Alikuwa analitazama koti. Limbende alikuwa amemtumikia miaka mingi, na kikohozi kile alikuwa amekisikia asubuhi ngapi, Mungu ajua. Akasema polepole, kwa Kidachi, kama anayejisemea mwenyewe: "Ndiye." Halafu akajiweka sawa, akaanza kumwambia mwandishi hukumu. Mwanamke huyu, alisema, ambaye ni Mngoni, na ambaye wakati huu wa vita, mbele ya watu wengi, amesema maneno ya hatari, kesho asubuhi, mbele ya lango la boma, mikononi mwa askari wawili. Alinyamaza kidogo amngoje mwandishi. Nilikuwa bado sakafuni, nimebana pumzi, nangoja kitendo. Kikaja mwishoni, panapokaa siku zote: atafunguliwa.

Nikainuka, nikakohoa tena, na safari hii kikohozi kilikuwa changu. Bwana Shauri akamwambia askari wa mlangoni, kwa Kiswahili, anipe maji. Askari hakusogea, hakuwa na hakika kwamba amesikia sawasawa. Ikabidi mkuu wa wilaya alirudie neno lile kwa nguvu. Na kutoka sakafuni, chini chini, mimi peke yangu nikimsikia, Bi Somoe akalimalizia: "Mbele, tembea."

Ningependa kuishia hapo, lakini Rashidi aliniuliza faida, na mtu akiulizwa faida ni haki aseme yote. Kwa kuwa nilifaulu, boma likaniweka mkalimani. Mpaka vita vinazimika nililetewa watu wa bara, wengine wakisema Kimwera cha nyumbani kwetu, na wao hawakuwa wamecheza. Waliulizwa kama walikunywa dawa wakajibu kwamba walikunywa, wakaulizwa kama walipigana wakajibu ndiyo, na mimi niligeuza neno kwa neno. Hakuna koti lililokuwa mezani la kunisaidia. Wapo walionyongwa kwa Kidachi changu kizuri kisicho na kosa. Sijaacha kuwafikiria. Bwana Tena hakumaliza mwaka. Homa ilimzidi akarudishwa kwao, na sikumwambia kamwe kwamba dirisha lake lilionekana.

Bi Somoe nilimweleza siku aliyotoka, akiwa anasugua kikaango kilichoshika kutu. Alikasirika kweli, si kwa utani. Alisema miguu yake ilikuwa mizima, na kwamba nimemnyang'anya neno lake zuri kuliko yote aliyowahi kusema. Miaka yote alinikumbusha, hata baada ya kuhamia Mingoyo. Wadachi walipoondoka Lindi alinitumia ujumbe kuniuliza lile neno sasa nitamwambia nani. Nilipomtembelea Mingoyo mara ya mwisho, macho yake yamekwisha, alinishika mkono akasema, "Basi utalisema nikifa."

Tulikwenda na lori la shamba la mkonge, Rashidi na mimi, tumekaa nyuma juu ya magunia, na njiani nikamhadithia haya yote. Alikuwa akivipangusa vumbi viatu vyake. Tulipofika nikaingia ndani nikavua kanzu, nikajifunga kanga, nikakunja mgongo, nikatoka uani na kile kijiko mkononi. Nilikaanga vitumbua hewani. Nikarukiwa na mafuta nikatukana kwa Kingoni, na wanawake wakaanza kucheka. Nikamtukana kila Mmwera niliyemwona na kumwambia bei ya babu yake. Kisha nikaketi chini, nikaunganisha vifundo vya mikono kana kwamba vimefungwa, na wazee wachache waliokijua kisa wakanyamaza, na wengine wakanyamaza kwa kuwaona wao. Nikatazama ukuta wa mbali.

"Utani hauchezwi bila maiti," nikasema. "Hapa nani amekufa?"

Nilikuwa nimepanga kuendelea. Neno la kuigizwa Mdachi lilikuwa bado, na ndilo la kuchekesha zaidi. Lakini nililisikia lile swali likienda mpaka ukutani na kurudi, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini lilikuwa na jibu. Nilifungua kinywa pasitoke kitu. Watu walingoja. Nikaona haya, nikaona nimemharibia hata mara hii.

"Ni wewe, Bibi," sauti ikasema kutoka nyuma ya waombolezaji. Haikuwa kelele, ila ilimfikia kila mtu. "Ni wewe Bi Somoe uliyekufa."

Uani pote kikapasuka kicheko na kilio kwa pamoja, hata sikujua kipi ni kipi. Niliinua mkono wa bibi kizee, nikaunyooshea kidole mtungi, na Rashidi, mwenye sauti ile, akauendea. Akachota, akaiinua kata mbele ya kifua, akaja nayo kwangu katikati ya watu, uso mkavu, viatu vyake vyeupe vikipiga chini, moja, mbili, moja, mbili.